Mtaalamu aje stoo, au ninyi mwende kwa wenzenu? Kuchagua mafunzo ya watunza stoo za chakula Nyanda za Juu Kusini

Stoo nyingi za chakula cha wahitaji huku kwetu, kuanzia Kyela hadi Mafinga, zinaendeshwa na watu wa kujitolea. Utamkuta mama wa jumuiya, kijana wa msikitini anayepokea zaka ya nafaka, na mwalimu mstaafu anayeshika daftari kwa sababu ana mwandiko mzuri. Chakula kinatokana na matoleo ya mavuno, na magunia yanayonunuliwa Juni na Julai bei ikiwa chini. Kinakwenda kwa wajane, bibi wanaolea wajukuu, wagonjwa, na kaya zinazoishiwa kati ya Desemba na Machi wakati mahindi mapya bado yako shambani. Karibu hakuna aliyesomea kazi hii. Ndiyo maana kila mwaka linarudi swali lilelile kikaoni: fedha kidogo ya mafunzo tuifanyie nini?

Njia zinazotajwa ni tano: kumwita mtaalamu aje stoo, kutembelea stoo ya wenzenu, semina ya mjini, kozi ya mtandaoni na kundi la WhatsApp. Niseme mapema ninakoegemea. Kikundi kipya, au kile kinachopoteza nafaka kila mwaka, kianze na mtaalamu. Kikundi ambacho nafaka yake iko salama lakini mgawo wake unaleta manung'uniko, kisafiri. Semina naiweka nyuma, na sababu zangu nitazitoa.

Mtaalamu akija stoo

Watu wa kuwaita wako karibu kuliko wengi wanavyodhani. Afisa ugani wa kata anajua nafaka, bwana afya anajua usafi na panya, na afisa lishe wa halmashauri anajua nini kiende kwa nani. Barua moja kupitia kwa mtendaji wa kata inatosha kuanza. Hawa wameajiriwa, hawatozi ada kama mwezeshaji wa kukodi, ila usafiri na chakula cha mchana ni juu yenu. Suala la posho liulizwe waziwazi kabla ya siku yenyewe, kwa heshima, ili asiwepo wa kununa mwishoni.

Faida kubwa ni kwamba anaona stoo yenu na si picha ya stoo. Ataingia na kuona magunia yamegusa ukuta, na ukuta wa tofali huku kwenye mvua ya miezi mitano unatoa unyevu. Atawaambia magunia yakae juu ya chaga, yaache njia ya mtu kupita kati yake na ukuta, na kila gunia liandikwe tarehe ya kuingia ili lililotangulia kuingia litangulie kutoka. Akichambua unga ulioanguka chini ya gunia atawaonyesha tofauti ya fukusi na dumuzi. Fukusi anatoboa punje. Dumuzi, ambaye wakulima wengi humwita Scania tangu alipoingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, anageuza punje kuwa vumbi, na anaweza kujificha hata ndani ya mbao za chaga. Mwenye dumuzi akihamisha magunia bila kukagua chaga, amemhamisha na mdudu.

Jambo la kumbana nalo mtaalamu siku hiyo ni unyevu. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, ndicho kiwango cha Afrika Mashariki, na kipimo cha kielektroniki stoo ndogo haina. Ipo njia ya chumvi ambayo afisa ugani anaweza kuwafundisha papo hapo: chupa ya kioo iliyokauka kabisa, chumvi iliyokaushwa juani au kwenye sufuria, na mahindi yanayojaza kama theluthi ya chupa. Tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kupokelewa kabla ya kuanikwa kwenye turubai. Isiponata, yako chini ya hapo, ingawa bado si uthibitisho wa 13.5. Mtu akifanya hivi kwa mkono wake mara mbili hasahau, na mtoa sadaka akiona chupa mlangoni hakasiriki kama anavyokasirika akiambiwa tu "mahindi yako mabichi, mzee".

Kwa nini kung'ang'ania unyevu? Kwa sababu ya sumukuvu. Mwaka 2016 watu 68 waliugua ghafla katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 wakafariki. Sumu hii inatoka kwenye ukungu. Haiondoki kwa kupika, na mahindi yanayoonekana safi yanaweza kuwa nayo. Baridi ya Mbeya na Iringa isiwafanye mjione mko nje ya hatari, hasa kama mnapokea karanga kutoka maeneo ya joto, au mnachanganya unga wa lishe wenye karanga kwa ajili ya watoto. Karanga zilizosinyaa na zenye ukungu ambazo mtu mzima angezitema, zikisagwa hazionekani tena.

Hapo ndipo afisa lishe anapoingia, na kwa maoni yangu huyu ndiye anayesahaulika kuliko wote. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, na Njombe na Rukwa karibu nusu, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Hii ni mikoa inayolisha nchi! Stoo inayogawa debe la mahindi peke yake inajaza matumbo lakini haigusi tatizo hilo. Afisa lishe atawasaidia kupanga mgawo wenye maharage, dagaa, mafuta na chumvi yenye madini joto, hata kama mahindi yatapungua kidogo. Atawafundisha kutumia utepe wa kupima mzunguko wa mkono kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kwamba chini ya sentimita 11.5 mtoto anapelekwa kituo cha afya leo hii, hangojewi mgawo ujao. Na muulizeni kuhusu maziwa ya kopo ya watoto wachanga, ambayo huletwa sana Krismasi na wasamaria wenye nia njema. Hayagawiwi pamoja na unga. Mama mwenye shida ya kunyonyesha anaelekezwa kituo cha afya.

Kuna mifuko ya tabaka tatu, inayojulikana madukani kama Kinga Njaa. Inaua wadudu kwa kukosa hewa, bila dawa. Wauzaji wanaisifu na wanasema kweli, ila stoo ya mgawo ina tabia tofauti na ghala la mkulima: inafunguliwa kila wiki. Mfuko unaofunguliwa kila wiki unaingiza hewa kila wiki. Mwambieni mtaalamu awasaidie kupanga, akiba ya Januari ikae kwenye mifuko hiyo imefungwa vizuri tabaka kwa tabaka, na la kugawa sasa likae kwenye gunia la kawaida. Kuhusu vidonge vya kufukiza, nitasema moja tu: vinatoa gesi inayoua watu, na stoo nyingi za parokia au msikiti zimeshikana ukuta na chumba anacholala mlinzi. Mtu asifukize kwa kuelekezwa na muuza duka.

Udhaifu wa njia hii ni wa wazi pia. Mtaalamu anajua punje, hajui foleni. Hajawahi kusimama mlangoni saa nne asubuhi na kaya kumi zaidi ya zilizoandikwa. Na asipopewa maswali mapema atakuja na somo lake la kilimo bora alilozoea, mkae darasani, mnywe chai, aondoke. Mpelekeeni maswali wiki moja kabla, na somo lifanyikie ndani ya stoo, magunia yakiwa yamefunguliwa.

Mkienda kwa wenzenu

Ziara inafundisha yale ambayo hakuna afisa aliyeandikiwa kuyafundisha. Orodha inatungwa na nani? Wenzenu wanaweza kuwa wanaanza na majina kutoka kwa mabalozi wa nyumba kumi, wanayalinganisha na ya mwenyekiti wa mtaa, kisha watu wawili wanapita nyumba kwa nyumba. Wanafanyaje mtoto wa mzee wa kanisa akitokea kwenye orodha? Aliyekuwa mhitaji mwaka jana na sasa ana genge linalotembea, wanamwondoaje bila kumvunjia heshima mbele za watu? Haya huwezi kuyasoma. Unayaona mama mmoja akiyafanya kwa maneno matano na tabasamu, nawe unayabeba.

Kipimo nacho ni somo la ziara. Huku maharage na viazi vinapimwa kwa sado, mahindi kwa debe, na kila mtu anajua sado ya sokoni inaweza kubonyezwa chini na debe linaweza kupigwa pigwa lishuke. Stoo inayopima kwa mizani mbele ya mpokeaji ina lawama chache. Mkiona wenzenu wanavyofanya, jinsi mizani ilivyowekwa na nani anasoma namba kwa sauti, mnaokoa miezi ya ubishi.

Lakini chagueni pa kwenda kwa akili. Kyela iko mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari, joto na unyevunyevu wa ziwa. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700, na Mafinga iko juu zaidi. Stoo ya Kyela ikienda Mufindi kujifunza kuhifadhi mahindi itarudi na ushauri wa mahali pa baridi. Kwa habari ya mgawo na daftari, mwende popote. Kwa habari ya hifadhi, tafuteni wenzenu wa hali ya hewa moja. Vilevile stoo inayogawa viazi mviringo kutoka Uporoto ina shida zake: viazi vinataka giza, vikikaa kwenye mwanga vinakuwa kijani na kuwa na sumu. Hilo stoo ya mchele Mbarali haitawafundisha.

Ziara nzuri inapangwa iangukie siku ya mgawo. Mkienda siku ya kawaida mtaonyeshwa stoo iliyofagiwa, daftari lililonyooka na soda. Siku ya mgawo mtaona ukweli: wapi foleni inakwama, nani anapokelewa kwanza, mlemavu anaingilia mlango gani. Ila sharti mwende kama wasaidizi. Watu wanne wakisimama pembeni na madaftari wakati wenyeji wanatoka jasho ni kero, basi mmoja ashike mizani, mwingine abebe. Fikeni mapema, salimieni kwa kituo (Iringa bila kamwene ya kutosha hamjafika), bebeni chochote mkononi, na simu za kupiga picha zibaki mfukoni. Mtu aliyekuja kupokea unga hakuja kupigwa picha na wageni.

Gharama iko juu kuliko kumwita mtu mmoja: nauli za watu wanne, chakula, pengine kulala. Kwa safari ya Mbeya hadi Iringa siku nzima imeliwa na barabara. Kwa hiyo anzeni na wa jirani. Uyole ni mahali pa kukumbuka, kwa sababu barabara ya Tukuyu na Kyela inakutana hapo na barabara kuu ya kwenda Makambako na Iringa; stoo za pande hizo mbili zikitaka kukutana katikati, hakuna anayebeba mzigo wa safari peke yake.

Na kuna kitu ziara inaacha nyuma ambacho mafunzo mengine hayaachi, ni udugu wa kazi. Stoo ya Mbarali ina mchele uliozidi, ya Isongole ina viazi vinavyoanza kuchipua, ya Rungwe imeletewa ndizi ambazo haziwezi kusubiri wiki. Waliowahi kuonana uso kwa uso hupigiana simu: "Dada, nina magunia sita ya viazi, gari la mchungaji linashuka kesho, niyaweke?" Asiyekujua hakupigii simu hiyo. Kama kuna sababu moja ya kutumia fedha kwa ziara, ningetaja hii kabla ya zote.

Semina ya mjini

Ina nafasi pale inapotolewa na chombo chenye ujuzi maalumu ambao hauwezi kuja kwenu. SIDO, shirika la viwanda vidogo, hufundisha usindikaji wa vyakula, na hiyo inafaa kama mnataka kuanza kusaga na kufungasha unga wenyewe. Mkifika huko, TBS, shirika la viwango, nao wanahusika, kwa kuwa tangu 2019 usalama wa chakula uko kwao, na wana ofisi ya kanda Mbeya. Tanzania Red Cross hufundisha huduma ya kwanza, ujuzi wa maana kwa foleni yenye wazee na wajawazito.

Semina za jumla za "kuwajengea uwezo wajitoleaji" zinazofanyikia ukumbi wa hoteli sizipendi. Mialiko hufika kwa viongozi, mtunza stoo anaisikia habari baadaye, na vyeti vinaning'inizwa ofisini. Mkialikwa bure na kulipiwa nauli, nendeni. Msitoe fedha yenu.

Kozi za mtandaoni

Zipo nyingi na baadhi ni bure, lakini karibu zote ni za Kiingereza, na zimeandikwa kwa stoo za namna nyingine. Benki ya chakula ya kwanza ilianzishwa na John van Hengel huko Phoenix, Marekani, mwaka 1967, na tangu hapo wazo hilo limekua juu ya mabaki ya maduka makubwa: makopo, vyakula vya jokofu, vifungashio vyenye tarehe. Somo lao kuhusu tarehe linatufaa kwa vitu vichache. Wanatenganisha tarehe ya ubora, ambayo ikipita chakula kinaweza kuwa kizuri bado, na tarehe ya usalama, ambayo ikipita hakiliwi. Mkipokea katoni za biskuti au maziwa ya paketi kutoka duka la jumla, mtu mmoja kwenu ajue hilo. Kuhusu dumuzi na debe hamtapata neno.

Kitu kimoja chao ningekiiba bila aibu: kumwacha mpokeaji achague. Badala ya mfuko uliokwisha fungwa, meza ina maharage, dagaa, njegere na mafuta, na kila kaya inachukua idadi fulani ya vitu inavyopenda. Asiyekula dagaa haendi kuzitupa. Jaribuni kwa kaya chache kwanza, maana foleni inakuwa ndefu.

Chagueni kijana mmoja mwenye simu nzuri na Kiingereza cha kutosha, mpeni bando, na baada ya mwezi awaeleze wenzake alichookota. Bando la kikundi kizima ni hasara.

Kundi la WhatsApp

Ni bure, na asubuhi linajaa maua na "mbarikiwe". Linafaa kwa matangazo ya haraka, bei za soko, na picha ya mdudu mnayetaka kumjua. Haliwezi kuwafundisha kupima unyevu. Mwekeni msimamizi mwenye msimamo, na sharti moja lisilojadiliwa: majina, picha na hali za wapokeaji hazitumwi humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na orodha ya wagonjwa na wajane wa mtaa ni taarifa binafsi hasa.

Nane Nane, njia ya katikati

Kikundi kisicho na fedha ya ziara wala mtaalamu kina siku nane za maonyesho kila mwaka. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti, uwanja wa John Mwakangale pale Mbeya unakusanya kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, SIDO, halmashauri za kanda, wauza mifuko na wauza mizani, wote ndani ya uzio mmoja. Mnaweza kuuliza swali moja kwenye mabanda matatu na kulinganisha majibu. Msiende tarehe 8 yenyewe, maana kwa umati na spika hamtasikilizana na mtu. Siku za mwanzo maofisa wana muda, na wengi huwapa namba zao wenyewe. Ubaya ni wakati: mahindi mengi yameshanunuliwa kufikia hapo. Kwa hiyo mtaalamu wa unyevu aitwe Mei au mwanzoni mwa Juni, kabla gunia la kwanza halijavuka mlango, na Nane Nane iwe ya vifaa na kujuana.

Nani apelekwe

Njia yoyote mtakayochagua, anayekwenda awe anayefungua stoo kwa mkono wake. Mwenyekiti ana kazi zake. Wapelekwe wawili wawili, kwa kuwa mmoja akihama au akiolewa mbali ujuzi hauondoki naye, na ndani ya wiki moja baada ya kurudi waonyeshe kwa vitendo mbele ya magunia, chupa ya chumvi mkononi. Asiyejua kusoma asiachwe. Mtu wa kupanga magunia na kunusa ukungu hahitaji kalamu, na mara nyingi pua yake ni bora kuliko ya mshika daftari.

Na kama gari lina nafasi ya tatu, ningempa mmoja wa wanaopokea. Ndiye anayejua sado ya kwenu ikoje ikifika nyumbani, na kwenye stoo ya wenyeji atawauliza wapokeaji wenzake maswali ambayo ninyi hamwezi kuyauliza na kujibiwa ukweli.